Saa ya Koboko Iliyobaki Nyuma

Jumamosi, nyumbani Ombaci. Mvua imepiga usiku kucha, asubuhi ikatuachia matope na jua kali. Nywele zangu zimesukwa upande mmoja tu, mikono inanuka vitunguu, na moyo ni mwepesi kuliko nilivyozoea. Ngoja nianze nyuma kidogo, maana nikianza na leo hakuna atakayenielewa.

Ninatunza kompyuta za duka moja la dawa za jumla mjini Arua. Duka lina tawi Koboko, na kila upande una seva yake, ile kompyuta kubwa inayoweka rekodi za wote. Ya Koboko hutunzwa na Taban. Taban ni fundi mwenzangu. Pia ndiye mtu ninayempenda, na habari hiyo hapa nyumbani ilikuwa bado ina utata.

Jumapili iliyopita alikuja kumwamkia Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Ahadi ilikuwa saa nane mchana. Bwana yule akatokea saa tisa, anatabasamu, hana hata haraka. Yeye hajui Kilugbara, Baba Mkubwa hajui Kikakwa, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili.

"Baba, mimi nafika saa nane kabisa. Simu iko hapa, angalia."

"Jua ya Koboko nayo iko na netiwaki yake?"

Baba Mkubwa akachukua kofia yake bila kuitazama simu, akaenda shambani. Jioni aliniita, akaniambia kwa lugha yetu kwamba anampa Taban nafasi moja ya mwisho, leo Jumamosi saa nne asubuhi. Akichelewa tena, nisimtajie tena mtu wa Koboko katika nyumba hii.

Anaposema hivyo huwa hatanii.

Wiki nzima nilimnunia Taban. Nilimpigia simu za kazi tu, na hata hizo kwa sauti ya afisa wa kodi. Mimi ni mtu wa saa, kila anayenijua anajua. Nilijiuliza, asiyeniheshimu kwa saa moja ataniheshimu vipi kwa maisha? Kisha usingizi ukawa hauji, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpenda, na mapenzi hayajui kununa vizuri.

Jana mchana seva ya Arua ikakataa kupokea rekodi za Koboko. Nikachungulia nikaona kioja: kwa saa za Koboko, wao walikuwa wamejibu kwamba bei mpya wamezipata, kabla Arua haijazituma! Mtu anaitikia hodi ambayo haijapigwa. Nikajua saa ya seva imeharibika, nikampigia.

Akaniambia umeme ulikatika Alhamisi. Kale kabetri ka ndani kanakoikumbusha seva saa kalishakufa, kwa hiyo umeme uliporudi alilazimika kuiwekea saa mwenyewe.

"Uliweka na saa gani?"

"Na simu yangu, Ayikoru. Saa ingine iko wapi?"

"Na simu ilikuwa wapi kabla ya kuja kwetu Jumapili?"

"Oraba. Tulienda kupokea mizigo."

Oraba ni mpakani. Ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini, na huko saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yake ilishika mnara wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma, na kwa ukaidi wa simu za bei rahisi ikabaki hivyo hivyo hata aliporudi. Yeye analala chumba cha nyuma ya duka na wateja ndio humwamsha, angegundua vipi?

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhasibu akageuka kunitazama. Halafu machozi yakanilenga. Hakuwa amenidharau. Jumapili ile alifika saa nane kweli, ila saa nane ya Sudan.

Seva niliiponya kutoka Arua. Niliiamuru isijiamulie saa tena, kila mara iulize seva ya hapa. Kisha nikamgeukia Taban mwenyewe: "Simu yako iko nyuma. Kesho asubuhi kabla ya kutoka, ongeza saa moja." Nikajiona bingwa.

Katika kazi yetu tunafundishwa kwamba kosa moja lisirekebishwe na mikono miwili. Mimi huwafundisha wengine.

Usiku simu yake iliisha chaji. Alipoiwasha alfajiri ikashika mnara wetu, ikajirekebisha yenyewe, kimya kimya. Taban naye akakumbuka neno langu, akaongeza saa moja juu ya saa iliyokwisha kuwa sawa.

Basi saa tatu asubuhi mtu anabisha hodi. Mama Mkubwa ananyonyoa kuku, enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, haijasongwa, binamu yangu amenisuka nusu kichwa. Baba Mkubwa yuko uani na singlendi iliyotoboka, anapigilia banda la mbuzi lililoangushwa na mvua. Mgeni akitukuta hivyo ni aibu yetu, si yake. Nilitamani ardhi inimeze.

"Simu leo inasema nini?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Saa nne, Baba."

Mzee akatazama jua, akamtazama yeye na shati lake jeupe lililopigwa pasi. "Wiki ile ulikuwa muvivu. Leo uko na haraka. Sasa wewe gani iko ya kweli?"

Taban alikunja mikono ya shati, akashika mti wa banda uliokuwa unaanguka. Wakafanya kazi hivyo, na nilipotoka nimefunika kichwa kwa kitenge, shati lilikuwa tope tupu.

Sikuvumilia. Nilimweleza Baba Mkubwa yote: seva, Oraba, mnara wa ng'ambo, saa moja iliyoongezwa mara mbili. Nadhani mengi yalimpita. Alisubiri nimalize, akaniuliza kwa lugha yetu:

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwambia aongeze saa?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulikosea?"

"Nilikosea."

"Na yeye alikusikiliza, akafanya ulivyosema?"

"Alifanya."

Akachukua msumari mwingine. "Basi inatosha. Mwambie alete wazee wake."

Ee shajara yangu! Nilikimbilia jikoni nikamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba, ili nipate sababu ya kulia.

Wazee wanakuja baada ya mavuno. Saa sitawatajia. Nitawaambia waje asubuhi, na sisi tutakuwa tayari tangu alfajiri.