Nikushike Mkono Hadi Mlangoni

Kayole,
6 Machi 1995

Mdogo wangu Mukai,

Hujambo huko Kathonzweni? Mgongo wa mama unaendeleaje? Sisi tupo. Kimanzi ameota jino la pili na anauma kila mtu. Mwenye nyumba alipokuja Jumamosi aliumwa kidole, nami nikajifanya sijaona.

Matokeo nimeyasikia. C kamili. Mukai, usilie. Mimi niliishia kidato cha pili na tumbo mbele, na mimba yenyewe haikukaa, wewe umemaliza cha nne na cheti mkononi. Chuo kikuu hapana, lakini ualimu wa shule ya msingi, C inatosha kabisa. Si wewe uliyekuwa ukifundisha mbuzi kuhesabu, na kuwachapa wakinyamaza?

Najua maneno ya baba: ng'ombe wa kuuza kwa karo ni mmoja, ukipata chuo mwaka huu ni wako, ukikosa anaenda na mdogo wetu Nzivo kidato cha kwanza. Basi hatukosi. Tangazo la vyuo vya ualimu nimelisoma nikiwa nimesimama kwa Omolo, muuza magazeti, na leo hakunifukuza. Mahojiano ni Alhamisi tarehe 30, siku moja nchi nzima.

Sasa sikia mpango. Jirani yetu Njogu ni karani mjini. Ameniambia, "Mama Kimanzi, watoto wa Nairobi hawataki chaki, wanataka kompyuta. Hapa nafasi zinabaki bila wenyewe. Huko kwenu watakuwa mia moja mlango mmoja." Kwa hivyo njoo uhojiwe huku. Utalala na sisi.

Ni mimi dada yako,
Mama Kimanzi


Kathonzweni,
14 Machi 1995

Kwa dada Wavinya,

Barua yako ilinikuta shambani, nikaisoma mikono ikiwa na udongo. Sote ni wazima. Mama mgongo umepungua, sasa analalamikia goti. Mbusu Kimanzi kwa niaba yangu, lakini chunga meno.

Dada, nimeongea na Mwalimu Kimeu, yule aliyekuwa wa darasa letu. Anasema kila mtu anahojiwa katika wilaya ya kwao, na sisi siku hizi ni Makueni, kwa hivyo ni mjini Wote. Anasema wanaangalia kitambulisho kabla hata ya cheti. Kutoka hapa hadi Wote ni asubuhi moja tu.

Niende Wote? Lakini wewe ndiye uliyefua nguo za watu mimi nikasoma. Ukisema nije, nitakuja.

Mdogo wako,
Mukai


Kayole,
20 Machi 1995

Mukai mpenzi,

Nafurahi kusikia mko wazima, na goti la mama mwambie nimelipa pole.

Mwalimu Kimeu anajua ya huko, na mimi niko Nairobi penyewe. Nimemuuliza Njogu tena akacheka, eti chaki ni chaki. Njoo Jumanne. Nimekuazimia viatu kwa Jacky, msusi wa hapa chini, vyeusi vyenye kisigino kidogo. Jioni tutafanya mazoezi ya kutembea navyo, usije ukaingia kama ngamia. Alhamisi tutaenda pamoja, nikushike mkono hadi mlangoni.

Usiogope. Nimeota umevaa sketi ya kijivu na watoto wanasimama ukiingia.

Dada yako,
Mama Kimanzi


Kayole,
3 Aprili 1995

Mukai,

Hujambo? Nauliza na ninajua huwezi kuwa hujambo.

Ulifika? Niambie hilo tu. Tangu Alhamisi ninamwona yule mama wa mahojiano akigeuza kitambulisho chako. "Wewe ni wa Makueni. Unatafuta nini hapa? Wenzako wanahojiwa Wote saa hii." Nilimwomba hadi Kimanzi akaanza kulia mgongoni. Akaniambia, "Dada, hata angekuwa wangu wa kuzaa singeweza."

Ulivua viatu vya Jacky palepale barazani, ukavaa malapa yako, ukakimbilia basi. Hata kwaheri hukuniambia. Nilirudi nyumbani nikakuta kikombe chako cha chai ya asubuhi, hukuwa umekionja.

Labda Wote walikungoja. Labda walikaa hadi jioni. Andika.

Dada yako


Kayole,
2 Mei 1995

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Mwezi umepita na Omolo amechoka kuniambia hakuna barua, na wala si kazi yake.

Mukai, nikuambie ukweli. Maneno ya Mwalimu Kimeu niliyaamini. Usiku ule niliposoma barua yako nilijua anasema kweli. Lakini Wote mimi siwezi kuja. Unajua baba alivyosema siku ile niliyorudi na tumbo, nisikanyage huko hadi afe. Nilitaka kukuona ukiingia mlango ule. Wangu sikuuingia, nikasema basi niuone wako nikiwa karibu. Nikamshika Njogu na uongo wake kwa sababu uongo huo ulinipa ruhusa.

Nilikula ng'ombe wako. Nitukane, lakini andika.

Wavinya


Kathonzweni,
11 Juni 1995

Kwa dada Wavinya,

Tuko wazima. Mama anakusalimu, na goti pia.

Basi liliharibika njiani, nikafika Wote Ijumaa asubuhi. Walikuwa wanafunga viti kwenye gari. Afisa alisikiliza yote, akasema nimeshachelewa, nirudi mwaka ujao. Ng'ombe ameshasemwa kuwa wa Nzivo.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira ni yangu mwenyewe. Nilijua ni Wote. Nilikuja Nairobi kwa kuwa nilitaka unishike mkono.

Sasa ninasaidia darasa la pili hapa shuleni. Wazazi wananilipa mahindi na kuku, kuku mmoja ni mwehu. Watoto wanasimama nikiingia. Sketi sina, nina leso.

Jambo moja. Juzi nilikuwa nawasomea mama na Nzivo barua zako, baba akiwa mlangoni akijifanya anachonga mpini. Nilipofika pale pa kutokanyaga hadi afe, mpini ukanyamaza. Baadaye akauliza, "Huyo mtoto ana meno mangapi sasa?" Ana mangapi?

Mdogo wako,
Mukai


Kayole,
19 Februari 1996

Mukai wangu,

Hamjambo nyote, na baba pia, mwambie nimesema hivyo.

Tangazo limetoka tena. Njogu alianza kunieleza nikamfungia mlango. Mwaka huu sikushauri kitu, muulize Mwalimu Kimeu kila jambo, na kitambulisho kikae pamoja na cheti.

Nitafika huko siku moja kabla ya mahojiano. Viatu vya Jacky ninavyo. Ng'ombe hatuna, hilo tutalilia baadaye, kwanza uingie.

Mwambie baba meno ni kumi na sita, na aweke vidole mbali. Nikifika kwenye njia ya kwetu nitasimama pale kwenye lango la miti. Wewe ndiye utakayekuja kunishika mkono hadi mlangoni.

Dada yako,
Wavinya