Nguo Isiyo na Mshono

Kaka yangu mkubwa,

Soma barua hii ukiwa umekaa, usije ukaichana kabla ya kufika mwisho. Nimerudi Hija salama, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mtaani wananiita Alhaji, nami kila nikiitwa nainamia cherehani.

Kabla ya safari niliomba radhi kwa watu arobaini na mmoja, hata muuza mkaa. Wewe nilikuruka. Nilijiambia: yeye ndiye aliyeninyima ada ya shule, nikajifunza ushonaji huku nikifagia duka la watu, aanze yeye.

Siku ya Arafa wanaume sote tulikuwa tumejifunga shuka mbili nyeupe zisizo na mshono. Mimi ninayemjua mtu kwa pindo la nguo yake, sikuweza kumtambua tajiri wala maskini. Mchinjaji mmoja niliyelala naye hema moja akanigusa: "Fundi, midomo umeishona? Omba!"

Sikuweza. Nilikuwa naiona kanzu yako yenye kiraka, siku ya harusi ya binti yangu, nilipokurudisha mlangoni mbele ya wageni.

Nakuja Ijumaa kukuomba radhi mbele ya wanao na majirani zako wote. Ukinifukuza, ni haki yako.

Mdogo wako, fundi