Unyayo wa Mlangoni

Nyambureti, Jumanne jioni

Na tembo wamepita tena. Wameacha mavi juu ya sakafu ya saruji tuliyomwaga jana, na nyayo zimezama kama mabeseni. Fundi Hamisi alichukia. "Mama, nyumba ya pesa ya dhahabu itanuka kama zizi."

Nikazoa mwenyewe. Harufu ile ikanirudisha kwa marehemu mama, akisiriba sakafu yetu kwa mavi ya ng'ombe kila Jumamosi. Siku moja niliikanyaga ikiwa mbichi, nikakimbia. Hakunichapa. Unyayo wangu aliuacha, akawa anasiriba kuuzunguka mpaka nilipoolewa.

Mume wangu akirudi kutoka machimboni atakuta sakafu laini, kama alivyotaka. Ila pale mlangoni... Nimemwambia fundi azibe nyayo zote za tembo, abakize mmoja.