Majivu ya Zuhura

Mdogo wangu Zuhura,

Hujambo na hiyo miguu yako mizito? Niko huku Buffalo, Marekani, kwa mjukuu wetu Rehema, nimevaa makoti mawili na bado natetemeka.

Mtoto huyu anasomea mahame ya Wainuiti, watu wa kule kwenye barafu. Jana tukila ugali alinionyesha picha: nchi kavu yote, ila pana duara moja la majani mabichi.

"Hapo palikuwa na nyumba, bibi. Kuta zimekwisha, lakini walitupa mifupa na mafuta ya wanyama hapo nje, ardhi ikanona."

"Yaani miaka yote hiyo unasomeshwa kutafuta jalala?"

Alicheka. Mimi nikakukumbuka wewe.

Umeandika kuwa umerudi mara tatu kwenye kijiji chetu cha zamani tulikohamishwa, hukuona hata ukuta mmoja wa nyumba yetu, na sasa unataka kuliacha kaburi la mama lipotee. Ukuta wa matope utauona wapi, we mwanamke? Mimi wa darasa la pili nimeelewa! Tafuta majani yaliyostawi kuliko mengine. Si wewe uliyekuwa mvivu wa kupeleka majivu mbali, ukayamwaga nyuma ya jiko, mama akikufokea kila asubuhi? Simama hapo penye kijani, kisha tembea hatua kumi kuelekea mlimani. Ndipo alipolala.

Msomee dua, umwambie uvivu wako hatimaye umetufaa. Na ule vizuri, umekonda kwenye picha uliyonitumia.

Dada yako akupendaye,
Mwajuma