Dirisha Lisilo na Eksi

Jumatatu, 16 Juni

Kati ya Kibakwe nilikozaliwa na Miyuji ninakokula ugali, hakuna binadamu anayeijua kompyuta kama mimi. Hata aliyeitengeneza akipita hapa steshenari atanipa shikamoo. Nimeishia kidato cha pili, lakini wanachuo wa Chimwaga wananiita fundi. Leo nimechapa barua sita na kutoa fotokopi mpaka mashine ikapata homa.

Mchana akaja mwanachuo mmoja, Neema, kutuma imeili. Mzuri. Nikataka aone kazi. Nikafungua programu ya barua pepe ya Dada Zuhura, bosi wangu, nikabonyeza huku na huku ili dirisha lijae kioo kizima. Likajaa. Ila vile vialama vitatu vya juu kulia vikapotea. Kistari cha kulishusha, kiboksi cha kulikuza, eksi ya kulifunga. Vyote. Pamebaki peupe kama kipara cha mwalimu wangu wa hesabu.

Neema akauliza eksi iko wapi. Nikamwambia nimeifuta mwenyewe, sisi tunaojua hatuihitaji. Akacheka, akaenda zake.

Nimehangaika kuirudisha mpaka jasho. Haijarudi.

Jumanne, 17 Juni

Bado. Nimezima mashine, nimewasha. Programu nyingine zote zina vialama vyao. Hii tu haina.

Dada Zuhura yuko Kondoa kwa mama yake, anarudi kesho. Naogopa. Yule akikasirika hapigi kelele. Anakuangalia, halafu anakuambia kwa upole usije kesho. Mtangulizi wangu alimwagia printa chai, akaambiwa hivyohivyo, kwa upole. Sasa anachunga mbuzi za mjomba wake.

Nimepata ujanja. Alt na F4 kwa pamoja, dirisha linajifunga. Alt na Tab, narukia dirisha jingine. Kipanya kimenishinda, natumia njia za panya. Wakati mwingine nikifunga kinatokea kiboksi cha Kiingereza kinauliza sijui nini. Sikisomi. Napiga Enter. Enter haijawahi kuniangusha.

Jumatano, 18 Juni

Dada amerudi. Kila akisogelea meza, nafunga. Alt, F4, Enter. Vidole vimeshazoea. Mara ya tatu akaniuliza naangalia nini humo mpaka nikimwona nafunga. Nikasema siri za wateja. Akaniangalia.

Saa nane akaja Bibi Yudita, mjane anayekaa nyuma ya kanisa. Nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi bibi, akafurahi. Furaha yenyewe fupi. Nyumba yake imepigwa eksi nyekundu ukutani. Watu wa barabara wanasema ipo ndani ya eneo lao, ibomolewe. Tangazo linasema mwenye pingamizi alitume kwa barua pepe, na picha na hati, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Mkononi hawapokei.

Kilichomleta kwangu ndicho kinachonitisha. Neema amepanga chumba kwake. Amemsimulia, kwa utani, kwamba steshenari kuna kijana anafuta eksi. Bibi kaelewa alivyoelewa. Nikajaribu kumweleza kuwa ni eksi nyingine, ya kwenye kioo. Nilikuwa katikati ya maelezo Dada akaniita kutoka kaunta.

"Elia, ipige eksi hiyo barua, njoo ushike karatasi."

Bibi akashika meza kwa mikono miwili.

"Na humu pia wanapiga?"

Nikamwambia mimi nikiwepo hakuna wa kupiga eksi hapa. Mdomo wangu huu. Akanyanyuka ana nuru usoni.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeenda kwa Bibi kupiga picha kwa simu. Upepo na vumbi, baridi mpaka masikioni. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne. Eksi ni kubwa kuliko nilivyodhani. Imeanzia juu ya dirisha la jikoni mpaka kwenye msingi, rangi imechuruzika. Kuku wanalala chini yake bila wasiwasi.

Picha nane. Hati ya zamani ina muhuri wa kijiji uliofifia. Bibi ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya Biblia, ndani ya sanduku. Alinipa kama anayempa mtu mtoto mchanga.

Akaniambia barua nitakayoiandika iwe fupi na ya heshima. Iseme marehemu mume wake alijenga kabla barabara haijafikiriwa. Iseme hana pa kwenda.

Nimeiandika. Nimeisoma mara tano. Nzuri kweli.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika haraka, Dada yupo mbele.

Bibi alikuja saa saba, amevaa kitenge cha kanisani. Picha zilikuwa nzito, mtandao unajikokota. Mpaka nazipachika zote nane na hati, saa nane na nusu. Nikabonyeza kutuma. Kikatokea kimstari cha kijani, kinatambaa kama konokono. Bibi anakitazama bila kupepesa.

Kilikuwa hakijafika nusu nikasikia viatu vya Dada. Anakuja moja kwa moja. Ameshika kiti changu.

Alt, F4. Kikatokea kiboksi. Enter.

Kioo kikawa kitupu. Dada akasema anataka kukaa hapo, ana mitihani ya shule ya kuchapa. Nikampisha. Bibi akaniuliza imefika?

"Imefika, Bibi. Wanaisoma sasa hivi."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Kigogo mbele ya wateja. Dada alikaa pale mpaka jioni. Mimi kwenye fotokopi, namwangalia mgongo.

Kile kiboksi kilikuwa kinasema nini?

Jumamosi, 21 Juni

Dada yupo kwenye kompyuta tangu asubuhi. Sikusogea. Ningesema nini? Kwamba nataka kuhakikisha? Angeuliza kuhakikisha nini.

Neno moja la kile kiboksi nalikumbuka. Still. Nilidhani ni steel, chuma. Nikajifariji kuwa labda inasifia mashine. Mchana Neema amekuja kununua daftari, nikamuuliza kama natania, still ndiyo nini.

"Bado," akasema. "Still ni bado."

Barua ilikuwa bado inakwenda nilipopiga Enter. Sikula.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani Bibi Yudita alisimama kutoa ushuhuda. Akasema Mungu amemtumia kijana mdogo, barua imefika kwa wakati. Watu wakageuka kuniangalia. Waliopiga makofi ni wengi. Wenzake watatu waliopigwa eksi wakanifuata nje, wananishika mkono, wanauliza kama na wao bado wanaweza. Nikasema muda umepita. Nikalisikia hilo neno langu mwenyewe.

Steshenari imefungwa. Funguo anazo Dada. Nimepita pale mara mbili, nimeangalia tu kufuli.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepitia funguo kwa Dada alfajiri, nimefika kabla ya wote. Nikafungua programu. Kushoto, kwenye barua zinazosubiri kutoka: 1.

Ilikuwa humo. Siku tatu. Mimi bado nimekodoa macho, kimstari cha kijani kikaanza chenyewe, kikatambaa mpaka mwisho. Ile moja ikapotea. Imeondoka leo, saa moja na dakika hamsini asubuhi. Nilitaka kuirudisha kwa mikono.

Dada akanikuta nimekaa hivyo. Nikamweleza habari ya vialama. Vialama tu. Nikangoja ule upole wake. Akainama, akabonyeza Alt, menyu ikashuka, akaweka tiki sehemu. Vikarudi vyote vitatu. Hata kikombe hakukiweka chini.

Akasema aliona tangu Jumatano, alikuwa anasubiri nimwambie.

Jumanne, 24 Juni

Bibi kapigiwa simu kuwa barua yake imechelewa. Amekuja hajakasirika, ameshangaa tu. Anasema kuna makosa huko ofisini kwao. Dada amesema kesho tuende naye wote watatu tukaeleze. Nimesema sawa.

Jumatano, 25 Juni

Tumekwenda. Chumba kidogo, benchi moja, karani mwanamke mwenye sauti ya chini. Akatuonyesha karatasi. Imepokelewa tarehe 23. Ya Bibi imewekwa kwenye jalada la zilizochelewa. Watazipitia kama muda utabaki. Hakusema utabaki.

Bibi hakumpandishia sauti. Alinyoosha mkono kwangu.

"Mwanangu, huyu mjukuu wangu aliiona ikifika, Ijumaa. Muulize. Huyu haongopi."

Karani akaniangalia. Dada akaniangalia. Nikasema mtandao ulisumbua.

Tumerudi kwa miguu. Bibi alinishika mkono wakati wa kuvuka barabara. Alinikaribisha uji, nikanywa kikombe chote. Akasema nisihuzunike, mitandao haina adabu.

Mtandao haukusumbua. Ulikuwa unakwenda polepole, lakini unakwenda. Na vialama si kitu, mtu yeyote anaweza kuvipoteza. Bibi aliniuliza imefika, saa nane na nusu, imebaki nusu saa nzima. Ningesema sijui, Dada angefungua, ingetoka. Sikuiona ikifika. Nilisema imefika.