Viza Yako Imetoka, Paskali

Ndugu yangu Paskali,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana najua ukiona tu mwandiko wangu utavua kofia na kusema shikamoo dada, hata kama uko peke yako zizini. Habari za Getanuwas? Mvua imewafikia? Na mguu wa wifi yangu, umepona? Mimi sijambo, ila ni sijambo ya namna yake. Nitaieleza mbele.

Kwanza nifurahi. Viza imetoka! Restituta aliponisomea ujumbe wako nilipiga kigelegele hapa hapa kitandani.

"Mama," akasema mwanangu, "hii ni Ujerumani, siyo Getanuwas."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga kidogo."

Na bado nacheka nikikumbuka ulivyonyimwa mara ya kwanza. Yule mama wa dirishani pale ubalozini Dar es Salaam alikuuliza vizuri tu una mali gani nyumbani. Ukajibu, "Tuna vibuzi vichache." Ng'ombe je? "Wapo wapo." Wangapi? "Mama, ng'ombe wa mtu huwa wanahesabiwa?" Watoto je? "Mungu amejalia." Ukatoa na picha ya zizi lako, zizi tupu, mbuzi wanne na mbwa. Yule mama angejuaje kwamba ng'ombe wetu wanalala kwa marafiki, wengine Basotu, wengine Haydom, ili ugonjwa ukiingia boma moja usitumalize? Aliona mzee asiye na kitu cha kumrudisha kwao, akakataa. Kwake yeye, mtu anayerudi ni mtu mwenye mali na watu wanaomngoja, tena aseme kwa mdomo wake. Kwetu anayesema hivyo anaitwa mwenye majivuno, na ng'ombe wake wanakufa.

Nilikugombeza kwenye simu, ukaninunia wiki nzima. Kisha ukaenda kimya kimya kwa bwana mifugo, akakuandikia barua kufuatana na hereni za namba za serikali alizowavalisha ng'ombe wako boma kwa boma. Mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Ukanipigia na sauti ya mshindi: "Dada, mimi sijahesabu ng'ombe hata mmoja. Serikali imehesabu hereni zake." Paskali, nimefundisha sekondari maisha yangu yote na sijapata mwanafunzi mwenye jibu kama hilo.

Sasa sikiliza vizuri. Viza inakufikisha mlangoni tu. Afisa wa uwanja wa ndege huku anaweza kukuuliza tena. Kwa hiyo pasipoti, tiketi ya kurudi, bima ya safari na barua ya mwaliko vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiende na begi kubwa. Akiuliza, jibu kwa ufupi: namtembelea dada yangu, ni mgonjwa, narudi kwenye shamba na ng'ombe wangu. Sema ng'ombe! Usione haya. Akitaka barua ya bwana mifugo, mpe.

Kwenye viza kuna tarehe za kuingia na kutoka, halafu kuna idadi ya siku za kukaa. Ni vitu viwili. Usizidishe hata siku moja, usije ukawafungia njia wajukuu watakaoomba baada yako.

Nyama usibebe, hata iliyokaushwa. Maziwa usibebe. Najua wifi atataka kukufungia kibuyu cha mgando. Mwambie watakimwaga mbele ya macho yako na utalia. Asali kidogo inaruhusiwa, lakini iweke kwenye begi kubwa. Na uvae koti. Hii baridi ni ile ya Mbulu ya mwezi wa saba, ila imekasirika.

Sasa ile sijambo yangu. Miezi yote hii nimekuwa nikikwambia ni mgongo. Siyo mgongo. Madaktari wamemaliza dawa zao na wamenieleza kwa upole, nami nikaelewa. Sikukwambia kwa sababu ungeuza ng'ombe uje bila kujiandaa, wakurudishe uwanjani, nami nisikuone kabisa. Naungama hilo kwako, na kwa Mungu nimeshaungama. Siogopi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima usingizi: mama aliniwekea mkono wa baraka kichwani siku ile kabla hajafa, akasema, "Na wewe utamwekea mdogo wako." Mkono haupiti kwenye simu. Nilijaribu kukubali kwamba utakwama kwangu. Sasa hautakwama!

Restituta anasema nimeanza kumaliza uji tangu viza itoke. Kweli. Nakula kwa makusudi.

Nisalimie wifi yangu Basilisa, mwambie kibuyu kimeonekana kwa macho ya moyo. Msalimie Gidamis, rafiki yetu wa Basotu anayetutunzia ng'ombe, na bwana mifugo, na mtendaji na muhuri wake. Restituta ataipiga picha barua hii akutumie leo leo, maana posta itakuja baada yako.

Na kuanzia leo usiniamkie tena kwenye simu. Hiyo shikamoo ibebe. Haina uzito, na hakuna afisa atakayeikamata. Ukifika, mlango utakuwa wazi, nami nitakuwa nimekaa, sitalala. Uitoe hapo, uiname.

Mimi dada yako, mwenye mkono wa mama,
Magdalena