Kitanda cha Odella

Marlys,

Hapa Duluth theluji imeanza. Watoto walifika salama Ijumaa.

Ulimwambia hakimu kwamba chumba chao hapa kwangu ni kidogo, hakitoshi vitanda viwili, na kwa maneno hayo ukakaa nao miaka minne. Basi nimekijenga kitanda cha Odella juu ya kile cha mdogo wake, droo chini, rafu nyuma ya mlango. Hata pa kuchezea pamebaki. Vipimo nilichukua kwenye alama za penseli za urefu wao tulizowawekea mlangoni, nikaongeza kidogo.

Odella alipanda, akalala, miguu ikachomoza nje.

"Baba, hiki umenijengea mimi kweli?"

Nikamsimamisha mlangoni. Alama yake ya mwisho ilimfika begani.

Kitanda nitakirefusha. Hiyo miaka minne ndiyo sijui niichonge kwa mbao gani.

Aliyekuwa mumeo,
Harlan